Mkono wa Pili na Meza Nyekundu

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko chini ya godoro, ndiyo maana limesahaulika. Mtaani anaitwa Mkono wa Pili. Ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna kitu kilichotoka kwake bila kupakwa rangi mkono wa kwanza, kikaachwa kikauke, kikapakwa mkono wa pili. Mafundi wenzake hupaka mmoja tu wakamwambia mteja huo mwingine utamaliziwa na jua. Yeye hapana. Aliwahi kuazima ngazi akairudisha ina rangi mpya. Alipaka banda la kuku likang'aa mpaka kuku wakagoma kuingia, wakasimama mlangoni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, huwaambia wateja wake kwamba yeye halali mchana mume akiwa nyumbani, asije akaamka wa kijani.

Miaka yote hiyo ishirini na miwili alikuwa chini ya bosi mmoja, mwenye karakana kubwa pale barabara inapopinda. Kelele za grenda, mashine ya kusagia chuma, zilimla sikio la kushoto likawa halisikii, na sikio hilo akalipa kazi nyingine: ndimo anamowekea maneno ya bosi. Jioni akirudi, anakaa mezani na kumsimulia mkewe makosa ya siku nzima, nani kakata pembe mbovu, nani kachomelea ovyo, nani alikula chakula cha mwenzake. Mke anasikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. Mtu angedhani hasikii.

Basi mtu huyu akapata mashine. Aliipataje? Hiyo ni hadithi ya mkewe, na mkewe hajaamua kuisimulia. Cha muhimu ni kwamba ilifika, kwenye makasha saba, na ni mashine ya kukata chuma kwa moto wa umeme. Unachora kwenye kompyuta, unalaza bati la chuma juu ya meza, na kichwa cha mashine kinatembea chenyewe juu yake kikitema moto mwembamba wa buluu. Jani, ndege, herufi, chochote ulichochora kinatokea kwenye chuma.

Alipoomba likizo ya wiki moja aifunge, bosi alicheka mpaka akakohoa.

"Nenda ukacheze," akamwambia. "Aproni yako hiyo hapo msumarini, haiendi popote. Jumatatu saa mbili utakuja kuivaa mwenyewe."

Maneno hayo, kwa bahati mbaya, yalipitia sikio la kulia.

Mahali pa kuiweka palikuwa stoo ya uani, chumba chenye kitanda kilichovunjika, masanduku mawili na feni isiyozunguka ambayo kila mwaka ilikuwa itengenezwe mwakani. Mke alitoa stoo yake kwa sharti moja tu: kitanda kisiingie sebuleni. Kiliingia sebuleni.

Kisha ikaja siku ya kupitisha fremu ya meza. Mkono wa Pili alikuwa ameupima mlango mara tatu, lakini alipima mwanya ukiwa mtupu, akasahau kwamba mlango wenyewe, ukifunguliwa, nao unakula nafasi. Fremu ikanasa katikati, nusu uani nusu stoo, yeye akiwa upande wa ndani. Alikaa humo saa nzima akipitishiwa chai juu ya fremu, mpaka binti yake wa kwanza akaja na bisibisi na kung'oa bawaba.

"Baba, umepima kila kitu isipokuwa akili," binti akasema.

"Shika huko, uinue," akajibu baba, kwa sauti ya mtu mwenye furaha asiyetaka kuitoa yote.

Maana alikuwa na furaha, msicheze! Wiki nzima alitembea kama kijana aliyekubaliwa posa. Aliamka kabla ya jogoo, akafunga reli, akafunga mota, akaweka pima-maji kila upande, akachuchumaa kutazama kama povu limetulia katikati. Lilipotulia aliita familia nzima ije kuangalia povu. Binti ndiye aliyeshika kompyuta. Anafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi na kuchora kadi za harusi, na mtu anayeweza kuchora njiwa wawili wakibusiana chini ya jina la ukoo hashindwi na jani la chuma.

Tena palikuwa na mteja. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaa wa pili, alitaka mlango wa chuma wa kupitisha hewa kwa wodi ya wazazi, wenye majani na matawi badala ya nondo. Angekuja Jumamosi saa tisa alasiri kuona kipande cha mfano. Kikimpendeza, kazi ni ya Mkono wa Pili, kazi yake ya kwanza tangu azaliwe isiyopitia kwa bosi. Kisipokuwepo, kuna aproni msumarini.

Ijumaa kila kitu kilikuwa tayari. Hapo ndipo mtu mwingine angekwenda kulala. Yeye aliitazama meza, ikiwa na mkono mmoja tu wa rangi nyekundu, na vidole vikaanza kumwasha. Mgeni aje aone meza ya mkono mmoja? Akachukua brashi. Akapaka miguu, akapaka fremu, akapaka hata zile bapa za chuma zilizosimama wima katikati, ambazo bati hulala juu yake. Ilipokauka ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Jumamosi saa nane, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akalaza bati. Bati lenyewe lilikuwa jipya, safi, halina hata tone la kutu. Kompresa, pampu ya hewa ya mashine, ikaanza kunguruma. Stooni walikuwepo mkewe, futi ya kushonea ikiwa shingoni, na jirani yao Mstaafu, karani wa zamani ambaye tangu aache kazi hana faili la kushughulikia isipokuwa mambo ya watu.

"Hotuba fupi," akasema Mkono wa Pili.

"Hakuna hotuba," akasema mkewe. "Kata chuma."

Binti akabonyeza. Kichwa cha mashine kikateleza juu ya reli, laini kama kiko kwenye siagi, kikafika mahali pake, kikashuka, kikagusa bati, kikainuka kidogo. Cheche moja ikatoka, tsi! Ikafa. Mashine ikasimama, na kompyuta ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba moto haukushika.

"Tena," akasema baba.

Tsi! Kimya.

"Tena!"

Tsi!

Sasa, mbele ya kitu kipya kila mtu huwa na adui wake tayari, na adui wa siku ile alikuwa kompyuta. Maskini haikuwa imemkosea mtu.

"Mchoro wako huo," baba akamwambia binti. "Majani yamezidi."

"Baba, hata jani la kwanza haijalifikia!"

"Labda imeona yanayokuja ikaogopa," akasema Mstaafu, akavaa miwani na kuchukua kitabu cha maelekezo. Kitabu kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua katika nyumba ile, jambo ambalo halikumzuia Mstaafu kukisoma. Alifunua kurasa kwa kulamba kidole, akitikisa kichwa kila baada ya mistari miwili. "Ehee. Hapa wanasema ni programu."

"Wanasemaje hasa?" akauliza binti.

"Wanasema kwa kirefu."

Wakazima, wakawasha. Wakachomoa, wakachomeka. Binti akafuta majani yote akachora mstari mmoja mnyoofu, tsi, ukafa. Mstaafu akashauri kompyuta ipumzishwe kwenye kivuli. Ikapumzishwa. Mkono wa Pili akaifuta kwa leso yake kama mtoto mwenye homa, akairudisha, wakajaribu: tsi. Jasho lilianza kuchora ramani mgongoni mwa shati jeupe.

Saa tisa kasoro robo lango likagongwa. Sista alikuwa amewahi. Wauguzi ndio watu pekee duniani wanaowahi.

"Hodi! Nimekuja kuona majani yangu."

Hata kompresa ikajizima kwa heshima.

"Sista, karibu, kaa, chai," akasema Mkono wa Pili, vyote kwa pumzi moja. "Kuna kijitatizo kidogo cha kitaalamu."

"Programu," akaongeza Mstaafu, akiinua kitabu.

Sista hakukaa. Alizunguka meza akaisifu rangi, akatazama bati tupu, akatazama saa yake iliyoning'inia kifuani.

"Fundi, mimi nakuamini, lakini kamati ya zahanati inataka jibu leo. Bosi wako ameshaniambia anaweza kuweka nondo nne zilizonyooka. Kama mfano haupo, nitamkubalia, na kina mama wataendelea kujifungua huku wakitazama nondo kama wamekamatwa na mtu."

Mkono wa Pili akalitazama bati tupu. Aliiona ile aproni. Aliona mpaka kile kitobo cha kuungua karibu na mfuko.

Ndipo mkewe, aliyekuwa akiizungushazungusha futi kidoleni tangu cheche ya kwanza, akasogea mezani. Akainama mahali ambapo kibano cha waya mnene unaorudi kwenye mashine kilikuwa kimeung'ata mguu wa meza.

"Baba watoto," akasema, "mimi ni mtu wa nyuzi, nisamehe. Lakini huu waya ndio athi?"

"Ndio athi."

"Umekwangua?"

Mkono wa Pili akakitazama kibano.

"Nauliza tu. Maana Jumanne ya wiki iliyopita ulikuja umevimba, ukasema kuna mtu kafunga athi juu ya rangi halafu analia mashine haishiki moto. Uliongea mpaka ugali ukapoa. Ulimwita nani vile, yule mtu?"

"Ngumbaru," akasema binti taratibu, akitazama dari.

"Siyo hivyo tu."

"Ngumbaru mwenye vyeti."

Ilikuwa kweli kabisa. Miaka ishirini na miwili amewafokea watu neno hilo moja: kwangua athi! Umeme ukitoka kwenye kichwa cha mashine lazima uingie kwenye bati, ushuke kwenye meza, urudi kwa waya ule, na chuma lazima kiguse chuma, ngozi kwa ngozi. Naye alikuwa ameiviringisha meza nzima katika rangi, mikono miwili, juu mpaka chini, kama zawadi. Umeme ulikuwa umefika mlangoni ukakuta pamefungwa.

Mkono wa Pili akaitazama meza yake nyekundu. Wote waliona kwamba mtu anaaga kitu. Kisha akapiga kelele moja, siyo ya uchungu, ni ile ya mtu aliyeona funguo zake ziko mkononi mwake mwenyewe, akanyakua grenda.

"Sista, dakika kumi! Mama watoto, rudi nyuma! Mstaafu, funga hicho kitabu kabla hakijatuua!"

Grenda ikalia. Vumbi jekundu likaruka, likatua kwenye shati jeupe, kwenye nyusi, kwenye miwani ya Mstaafu. Akaukwangua mguu wa meza mpaka ukang'aa kama shilingi mpya. Akakwangua bapa moja baada ya nyingine, akiimba kitu kisicho na maneno wala tuni, akabana kibano, akakitikisa, akalaza bati. Wote wakavaa miwani myeusi. Sista akapewa ngao ya kuchomelea, akaishika usoni kama kioo.

"Mchoro upi?" akauliza binti. "Ule mstari mmoja?"

"Mstari wa nini? Weka majani! Yote!"

Akabonyeza. Kichwa kikateleza, kikashuka, kikagusa, kikainuka.

Tsi... shaaaaaa!

Buluu! Buluu iliyosimama kama sindano, na chini yake cheche zikimwagika kwenye beseni la maji lililowekwa chini ya meza. Kichwa kikapinda, kikarudi, kikanyoosha, kikapinda tena, kikifuata kila mkunjo aliouchora binti. Kipande cha kwanza kikachomoka, kikaanguka majini: chwaa! Mkono wa Pili akaruka juu kama aliyefungiwa springi miguuni. Jani la pili, chwaa! Wakaanza kuhesabu kwa sauti, Sista naye akahesabu kutoka nyuma ya ngao. Kufika la kumi na sita Mstaafu alikuwa anatangaza kana kwamba yuko uwanja wa mpira.

Majani ishirini na nne. Kichwa kikarudi pembeni, kikatulia, kama mtu aliyefanya jambo la kawaida tu.

Mke ndiye aliyekuwa wa kwanza kulishika bati lilipopoa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani, polepole, kama anavyopima mshono.

"Hii," akasema, "haihitaji hata pindo."

Binti akajifanya anazima kompyuta ili watu wasimwone uso.

"Nataka mlango mzima hivi hivi," akasema Sista. "Na madirisha mawili. Kamati nitawaambia mwenyewe. Rangi vipi, fundi?"

Watu wote wakamgeukia. Alikuwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka viatu.

"Mikono miwili," akasema. "Ya mlango, Sista. Ya mlango tu."

Jumatatu saa mbili kamili alikuwa langoni kwa bosi. Bosi alimwona kutoka mbali, akajinyoosha kwenye kiti, akatabasamu mpaka gego la nyuma likaonekana.

"Nilisema mimi! Si nilisema? Iko pale pale, haijaguswa."

"Asante, bosi," akasema Mkono wa Pili. Akaitwaa aproni, akaikunja, akaiweka kwapani. Kisha akatoa koleo mfukoni, akang'oa na msumari.

"Na huo?" bosi akauliza, tabasamu likiwa limebaki nusu.

"Niliupigilia mwenyewe, mwaka wa kwanza."

Leo msumari huo uko kwenye ukuta wa stoo, kando ya meza ambayo miguu yake ina mabaka. Anapopita huugusa. Kuta zote za chumba kile zimepakwa rangi, na dari, na mlango na bawaba zake, na ile feni isiyozunguka. Msumari hakuupaka.