Mawe ya Wafalme Kando ya Mto

Nikimwaga maji ya moto kwenye ngazi za mawe ninazosafisha hapa ughaibuni, mjini Saint Paul, inatoka harufu ya chokaa na majani yaliyolowa, na mimi ni mtoto tena, nimeshikwa mkono na koko, mama wa baba yangu.

Alinipeleka kijiji cha zamani kando ya mto, kuwasalimia wafalme wetu. Makaburi yao yalijengwa kwa mawe kabla Mzungu hajafika. Kwa desturi, kila mgeni alichota maji mtoni, akalowesha jiwe kwa kiganja, ndipo akasalimia walio hai. Mawe yalikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Siku hiyo tulimkuta baba mdogo na vijana wenye mitalimbo. Ninasema wazi: ndugu wa baba yangu, tumbo moja. Alitaka kuyang’oa mawe ya makaburi kwa msingi wa nyumba yake.

Koko akakaa chini, akaegemea kaburi, akanipakata.

“Mama, inuka. Haya ni mawe tu.”

“Kama ni mawe tu, mto umejaa mawe. Ingia uyatoe, au unaogopa kulowesha suruali?”

Vijana wakacheka, wakaweka mitalimbo begani, wakaenda zao.

Baba mdogo alingoja koko afe. Kabla matanga hayajaisha, alikuwa ameshabeba mawe yote. Jiwe la mfalme likawa kizingiti cha nyumba yake, na ukoo mzima ukalikanyaga ukiingia kula.

Mimi nilisimama uani, mvua inanyesha.

“Ingia, mtoto, utalowa!” baba mdogo akaniita.

Nilimsalimia mfalme pale pale mvuani, jiwe lake limeshalowa.