Jile Yangu ya Rangi Kali

Nichekeni, lakini taratibu. Mimi ni mwendesha boda boda wa Bwera. Abiria wangu mmoja, Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na ubao wenye tanga ambao upepo huusukuma juu ya ziwa, kule Katwe. Nikamwomba anifundishe.

"Siku ya Mungu ukuye na jile," akaniambia kwa simu. "Bila jile, mutu hapande. Ikuwe ya rangi kali, nikuone hata ukiwa mbali."

"Iko! Kizibao cha rangi kali mimi navaa kila siku."

"Kumbe uko mutu ya akili!"

Nilipofika Jumapili, Kambale alikuwa tayari majini, amenipa mgongo, anahangaika na tanga. Nikavaa jile, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikawatangazia akina mama wauza samaki: "Usalama kwanza!" Nikapanda ubao. Kabla sijamaliza Bismillahi, upepo ukanibwaga kwenye maji ya kifuani.

Sikupapatika hata kidogo. Nilijilaza chali, nikatulia, nikingoja jile iniinue. Nikaenda chini nikiwa nimetulia vilevile.

Kambale akanivuta kwa kola, nakohoa maji. Akaitazama ile mistari ya kung'aa kifuani kwangu, akashika kichwa.

"Ee baba! Hii ni ya pikipiki! Nilitaka ya maji, ile inaelea!"

Mmoja wa wale akina mama akapaza sauti kutoka ufukweni:

"Muache tu. Hata akizama, lori haiwezi kumugonga."