Senene za Tata na Paka Aliyeitwa Karani

Enzi zetu paka hakununuliwa wala hakuletwa kwenye boksi lenye matundu. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake minne, akazunguka nyumba yenu, akanusa jiko lenu, kisha akaamua kama mnafaa. Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu ninayeishi naye hapa mjini, Kashai, ana paka mwenye mto wake wa kulalia na chakula chake cha pakiti. Panya akipita, paka yule humtazama tu, kama mgeni aliyepita kusalimia. Nilipomwambia mjukuu kwamba mimi utotoni nilikuwa na paka aliyenusurika kuhamishiwa kisiwani, alicheka, akaendelea kumpiga picha wa kwake. Basi nawasimulia ninyi wenzangu mliojifunza kuandika kwenye vibao vya mawe. Ninyi mtanielewa.

Kwetu ni upande wa Muleba, kwenye kilima ambacho asubuhi ukifungua mlango unaliona ziwa lote. Kibanja chetu, shamba lililozunguka nyumba, kilikuwa na migomba iliyosongamana, na mibuni chini yake, hata mchana wa jua kali ndani yake palikuwa na ubaridi. Jumamosi tulikata nyasi tukazitandaza sakafuni kwa ajili ya Jumapili, na mpaka leo nikinusa majani mabichi najua kesho ni kanisani. Tuliteleza kilimani juu ya magome ya migomba mpaka gauni likachanika nyuma, na kiboko kilifuata bila kuchelewa. Watoto wa siku hizi wanateleza kwa kidole juu ya kioo cha simu. Hakuna kinachochanika.

Paka huyo alitokea msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, mvua zilipoanza. Nadhani alifuata wavuvi waliokuwa wakipanda na samaki kutoka ziwani. Alikuwa mweusi tii, kifua cheupe, na alitembea polepole bila kumwangalia mtu. Tulimwita Karani, kwa kuwa alifanana kabisa na karani aliyefuatana na Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, kila Mwingereza huyo alipokuja kwenye baraza: koti jeusi, shati jeupe na dharau ya kutosha.

Nilimtaka paka huyo kwa moyo wangu wote. Nilikuwa mtoto wa kike pekee kati ya kaka watano, na kwa kaka watano huwezi kupata kitu kikawa chako. Nilimpelekea Karani ndizi iliyopikwa na maharage, akainusa, akaondoka. Nikampelekea maziwa ya mgando, akayalamba, lakini nilipomnyooshea mkono akarukia mibuni. Siku nne nilihangaika hivyo. Siku ya tano nikampelekea senene, na Karani akaja hadi kwenye viganja vyangu, akala, kisha akaniegemea mguuni akinguruma. Tangu hapo alinifuata kila mahali, hadi kisimani.

Sasa kwa wasiojua mambo ya kwetu nieleze. Senene tulizikamata sisi, wanawake na watoto, alfajiri kule rweya, nyikani, wakati umande umezilowesha mabawa haziwezi kuruka. Tulizinyonyoa sisi, tulizikaanga sisi, tulizikausha sisi. Waliokula ni wanaume. Mwanamke kula senene ilikuwa mwiko, na tuliambiwa kwamba atakayethubutu atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Mama alizihifadhi za Tata, yaani baba yetu, kwenye kikapu chenye mfuniko kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko. Zilikuwa zikingoja Krismasi.

Kila siku nilipanda kwenye kinu nikachota kidogo. Senene moja kwa Karani. Nyingine nikailamba tu, nione ina nini. Ndugu zangu, ilikuwa na chumvi, ilikuwa na mafuta, ilikuwa na moshi! Kuanzia hapo tuligawana sawa, moja yake, moja yangu, na kila nilipomeza nilijipapasa kichwa.

Wiki moja kabla ya Krismasi Tata alishusha kikapu akakuta kina nafasi kubwa kuliko senene. Na Karani, bila akili hata kidogo, alikuwa amekaa chini yake anajilamba.

"Mwizi ndiye huyu," Tata akasema.

Hakuna aliyeuliza paka alifunuaje mfuniko na kuurudisha vizuri vile. Tata alikuwa mzee wa kanisa, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Lakini hakuwa mtu wa kuua paka. Alimtia kwenye gunia la kahawa, akalifunga kwa kamba ya mgomba, akaliweka ghalani. Jumatatu asubuhi wavuvi wa kisiwa cha Bumbire wangekuja, nao wangeondoka naye.

"Si anaitwa Karani?" alisema. "Makarani huhamishwa. Amehamishiwa Bumbire, huko kuna samaki wengi na hakuna senene zangu."

Kaka zangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilijua kwamba neno langu moja lingemfungua Karani, na nilijua vilevile neno hilo lingeniletea nini: kiboko, na aibu ya msichana mla senene kutangazwa kilima kizima. Mama alinikuta pale, akanitazama, akasema gauni langu ni chafu, nivue alifue. Nikavua, nikavaa kuukuu.

Jumapili, baada ya ibada, walokole walikutana. Mnakumbuka uamsho ule. Mtu alisimama mbele za watu akaungama dhambi yake kwa sauti, na sisi watoto tulipenda kusikiliza hayo zaidi kuliko mahubiri yenyewe. Siku hiyo jirani mmoja aliungama kwamba alisogeza mpaka wa kibanja cha shemeji yake. Watu wakaimba. Mimi nilikuwa nimekaa na watoto wenzangu, najiambia simama, simama, na makalio hayasikii.

Akasimama mama.

"Waitu, ndugu zangu," akasema, huku amekunja mikono kifuani, "paka hana kosa. Senene za mume wangu nimekula mimi."

Tata alikuwa mbele pamoja na wazee wenzake, nikaona shingo yake inakakamaa. Kumbe mama naye! Kumbe tulikuwa tunaiba kikapu kimoja kwa zamu!

Kabla mwinjilisti hajapata la kusema, bibi yangu, mama yake Tata, akajikongoja na fimbo yake akasimama. Hakuwa na jino hata moja.

"Na mimi," akasema. "Tangu enzi za Mjerumani."

Hapo ukuta ukabomoka. Akasimama shangazi. Akasimama jirani yetu aliyekuwa kila mwaka anatuonya sisi wasichana kuhusu vichwa vilivyochongoka. Wakasimama wawili kwa pamoja, wakaanza kugombania nafasi ya kutubu. Alipoinuka mke wa mwinjilisti, mwinjilisti alikohoa akatangaza wimbo haraka haraka, akauanzisha yeye mwenyewe, juu mno, hata hakuna aliyeweza kumfuata. Wanaume walitazamana. Miaka yote hiyo walidhani ni wao tu wanaoujua utamu ule.

Tulirudi nyumbani. Tata alikwenda moja kwa moja ghalani akafungua gunia. Karani akatoka, akajinyoosha, akajilamba koti.

"Uhamisho umefutwa," Tata akamwambia. Kisha akanigeukia. "Koku, mpe kichwa cha samaki."

Kwa mzee wa aina yake, huko kulikuwa kuomba radhi, na Karani alikubali. Aliishi nasi miaka mingi, akala panya wa ghala lote. Mama hakukemewa. Msimu uliofuata, senene zilipoiva, Tata alikula chache, akaweka ungo katikati ya nyumba, akasema anakwenda kuangalia mibuni yake. Alikaa huko muda mrefu, na alipokuwa akirudi alikohoa tangu mbali ili tuwahi kufuta midomo. Nilimpenda sana siku hiyo.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu, nikaolewa, nikapanga nyumba mjini, Bakoba. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, mkunga alidhani nambariki, kumbe nampapasa kichwa. Kilikuwa mviringo, namshukuru Mungu. Mama alipozeeka alikuja kukaa nami, na msimu ulipofika nikamkaangia senene sahani nzima, nikamwekea mbele kwa heshima. Akaisukuma.

"Ondoa, mwanangu. Mimi hizi harufu yake tu inanichefua, tangu utoto wangu."

"Mama! Si uliungama kanisani?"

Akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wagumu wa kuelewa.

"Gauni lako lile nililifua mimi. Mfuko ulijaa vipande vya senene. Tangu lini paka akawa na mfuko?"

Nilikaa chini. Nikamuuliza, kwa nini basi hakunisema, kwa nini alikubali aibu ile mbele ya watu wote, tena kwa uongo, tena kanisani.

"Ulikuwa hulali wala huli," akasema. "Na ule uongo nilishaumaliza na Mungu zamani, sisi wawili tu. Hao wengine niliwatuma mimi wasimame?"

Akacheka mpaka akatokwa machozi, na mimi nikalia kweli.

Siku hizi senene zinauzwa kwenye pakiti, na wasichana wanazitafuna njiani huku wanaongea na simu. Mimi pia nazila hadharani, mbele ya wakwe, na mikono naifuta kwenye gauni. Mjukuu hulichukua gauni hilo akalitia kwenye mashine, likatoka jeupe, kisha akanisema jioni nzima kuhusu madoa. Mashine inafua vizuri, sikatai. Lakini mama tulimzika kule kibanjani, na hajatokea mwingine wa kunifulia gauni, akaona kila kitu, akanyamaza.