Dakika Hamsini Tu

Kwa miaka ishirini na miwili, karani wa mizani katika kiwanja kile kidogo cha ndege aliwajibu abiria kwa wimbo uleule: kilomita mia tatu na kumi, dakika hamsini tu, hata usingizi haukolei. Wenzake walimwita Kilo. Jina lake la kuzaliwa alilitumia mama yake peke yake, naye aliishi kulekule ndege ilikotua.

Ukaribu huo ndio uliomponza. Mwenye mama wa mbali hupanga safari, hujinyima, akaenda. Kilo yeye alijiambia ni dakika hamsini tu, nitakwenda wiki ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki hizo zilifika miaka mitatu, na kila jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, akalala na soksi.

Leo mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo saa nane mchana, na alishapiga simu kusema hataki kuingizwa kabla hajamwona mwanawe. Kilo akaomba tiketi ya bure ya wafanyakazi, ile ya kusafiri iwapo kuna kiti na uzito unaruhusu. Ndege ya saa sita ilikuwa na kiti kimoja. Alipomaliza kupima abiria na mizigo yao, uzito uliobaki ulikuwa kilo sabini na nne.

Begi lake akaliacha chini ya meza, akapanda mizani. Themanini na moja. Akavua viatu, mkanda na sweta, akatoa funguo mifukoni, vituko vilevile alivyozoea kuwacheka wengine. Sabini na tisa.

Rubani, mtu mwema, akachungulia karatasi. "Andika sabini na nne, mzee. Kilo tano kitu gani bwana?"

Maneno hayo Kilo aliyasikia kila siku iendayo kwa Mungu. Nusu saa iliyopita aliyasikia kwa binti mmoja mwanafunzi, akamtolea vitabu begini huku binti analia. Sasa binti huyo alikuwa kwenye benchi, anaziangalia soksi za Kilo. Sheria ni msumeno. Alitamani kudanganya, alitamani sana. Kisha akaandika sabini na tisa, akalikata jina lake. Alikuwa amechoka hata kujionea huruma.

Stendi ya mabasi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwa basi mtu huzunguka milima yote, mwendo wa saa kumi na tatu. Alikuwa ndiyo kwanza amekaa kiti cha nyuma, juu ya tairi, simu ikalia.

"Umeshapanda, baba?" Ni mama. "Nimewaambia madaktari wasubiri kidogo. Nimewaambia mwanangu yuko uwanja wa ndege, ni dakika hamsini tu."

Kilo akafumba macho. "Mama, niko kwenye basi. Uzito umezidi. Waache wakuingize, usinisubiri."

"Uzito wa nani?"

"Wangu."

Mama akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na pumzi. "Na huko kwa gari ni saa ngapi?"

"Kumi na tatu."

Ndege ya saa sita ikapita juu ya paa la basi, na kiti chake kitupu. Mama alisubiri ngurumo iishe.

"Haya, wewe njoo tu," akasema. "Mimi nitalala. Nikiamka, nikukute."