Nusu ya Sikio la Kushoto

Kwa vizazi vitatu hakuna aliyebishana na mtu kuhusu kondoo wa Shangazi. Alama yao ilijulikana: nusu ya sikio la kushoto haipo. Babu yake ndiye aliyeanza kuikata, baba yake akaendeleza, na yeye, ambaye hakuolewa bali alilea watoto wa ndugu zake hadi majirani wote wakamwita Shangazi, alirithi kisu pamoja na zizi. Mwanakondoo alibanwa katikati ya magoti, kisu kikapita mara moja, majivu yakapakwa, basi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mnyama alianza kulia baada ya kuachiwa, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani.

Kisha nchi iliyokuwa ikinunua kondoo wao ikatangaza kwamba haitapokea tena mnyama asiye na hereni yenye namba sikioni. Inavyoonekana walaji wa huko walitaka kujua wanamla nani. Serikali, ambayo haikuwahi kukanyaga zizini kwa Shangazi hata kwa bahati mbaya, ikatoa ruzuku kuwasaidia wafugaji: hereni bure, koleo la kuzivalishia, na seng'enge ya kuwatenga wanyama kabla ya safari. Sharti lilikuwa moja. Siku ya ukaguzi, walau nusu ya kundi ivae hereni. Atakayeshindwa anafutwa kwenye orodha ya wauzaji wa nje.

Shangazi alijaza fomu ya kurasa kumi na nne. Palipoandikwa "Cheo" aliandika "Shangazi". Ikakubaliwa.

Ilibidi ikubaliwe. Nyasi zilikuwa zimebaki za kuhesabika, na bila malori ya mnunuzi wa nje kundi lote lingeishia kwa mchinjaji wa mjini, na yeye angeishia kwa mdogo wake, mwenye duka la rangi, aliyekwisha kumwandalia chumba nyuma ya makopo. Mdogo wake alipiga simu kila Jumapili.

"Dada, uza hao wanyama uje upumzike."

"Nipumzike nimechoshwa na nini?"

"Na uzee."

"Uzee hauchoshi, mdogo wangu. Zinachosha simu zako."

Kundi lilikuwa na kondoo hamsini na wanane: wakubwa ishirini na saba, na wanakondoo thelathini na mmoja. Kwa kawaida hao wadogo wangekuwa wamekatwa zamani, wakiwa na wiki tatu tu. Mwaka huu fomu ilikula miezi minne ya kwenda na kurudi ofisini, wakakua na masikio yao mazima. Wiki ya ukaguzi ilipofika, Shangazi aliwatazama akaingiwa na hofu. Kondoo wote wa bonde zima wangevaa hereni za manjano zinazofanana. Namba ina tarakimu kumi na mbili. Nani ataisoma kutoka upande wa pili wa kilima? Jumanne akanoa kisu. Hadi adhuhuri alikuwa amewamaliza wote.

Alhamisi bwana mifugo alikuja, buti zake safi, sanduku la hereni kwapani. Akalifungua, akatoa karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani, akaisoma, akawatazama kondoo, akaisoma tena.

"Shangazi, nusu ya pili ya masikio iko wapi?"

"Tumekata."

"Lini?"

"Hawa wakubwa, miaka. Hawa wadogo, juzi."

Bwana mifugo akakalia sanduku. "Hereni inakaa katikati ya sikio la kushoto. Imeandikwa hapa."

"Kwenye fomu haikuandikwa. Nimeisoma yote, hadi jina la mpiga chapa."

"Iko kwenye karatasi ya sandukuni."

"Na sanduku umekuja nalo leo."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi wavalishe kulia, mwanangu."

"Kulia ni kwa alama ya chanjo. Kule bandarini mashine inasoma kushoto."

"Basi wapite kinyumenyume."

Hakuwa anatania. Bwana mifugo alicheka kidogo, akamwona uso, akaacha. Akajaribu. Shangazi akapiga magoti, akambana mwanakondoo kama alivyowabana wote, koleo likabana ukingoni pale palipobaki nyama. Mwanakondoo akatikisa kichwa. Hereni ikaanguka mavumbini na kipande kidogo cha sikio juu yake. Wakajaribu wa pili, na wa tatu. Kati ya wakubwa, tisa walikuwa na gegedu nene iliyoishika hereni; walihitajika ishirini na tisa. Bwana mifugo akarudisha koleo mfukoni, lakini Shangazi hakuinuka.

"Jaribu huyu. Huyu ana sikio refu, ni wa ukoo mwingine. Baba yangu, nakuomba."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga magoti mbele ya kitu kisichokuwa kondoo.

Bwana mifugo alikuwa mtu mwema. Aliandika polepole, kana kwamba anatumaini wino utakwisha. Kwenye sehemu ya sababu aliandika: "Masikio hayatoshi." Akamweleza kwamba rufaa ipo, hujibiwa baada ya siku tisini. Shangazi akatazama malisho. Nyasi hazikuwa na siku tisini.

Lori la mchinjaji lilikuja Jumatatu, likawazoa wote, pamoja na wale tisa wenye namba. Jioni ile Shangazi alilala kati ya makopo ya rangi.

Siku ya tatu alitoka kunyoosha miguu, akapita kwenye mabucha. Mezani vichwa vilikuwa vimepangwa safu mbili, vikitazama barabara.

"Karibu mama, chagua," akasema muuza nyama.

"Hawa ni wangu."

"Wako kivipi, nami nimeshawalipia?"

Shangazi alisogea mezani. Alipita kichwa baada ya kichwa, akigusa sikio la kushoto kwa kidole, pale nusu ilipoishia. Hakukosea kumtambua hata mmoja. Alama ya babu ilikuwa ikifanya kazi yake bila dosari.