Wimbo Asioutaka Kanze

Mimi ni mnoa visu. Gurudumu langu nalibeba begani kutoka Mariakani mpaka Mambrui, na penye jiko nalitua, nakanyaga kibao, cheche zinaruka, akina mama wanaleta visu na mapanga yao. Kwa hivyo nyimbo nazisikia nyingi, maana jiko lisilo na redio siku hizi ni la mtu aliyefiwa. Na sijapita mji ambao hawaujui wimbo wa Kanze. Mariakani madereva wa malori wanaupiga wakingoja chai. Mambrui, kwenye watu wa staha, niliukuta harusini. Wameupunguza sauti kidogo, lakini wameuacha uende mpaka mwisho. Watu wakiusikia hufumba macho. Wanasema, enzi hizo, gitaa lilikuwa gitaa, si kelele hizi za sasa.

Wengi wao hawakujua kwamba Kanze ni mtu.

Alikuwa mtu. Aliuza korosho kwenye feri ya Kilifi, upande wa Mnarani, pale magari yanapopanga foleni kungoja kuvushwa. Mwanamke mrefu, mwembamba, vidole vyeusi kama vimechovywa lami, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi wala hayatoki kwa sabuni. Alikuwa akizichoma mwenyewe nyuma ya vibanda, juu ya bati lililotobolewa matundu, moto ukilipuka na moshi ukimfuata popote anapohamia. Mimi nikimnolea kisu chake cha kubangulia, yeye hunipa korosho za moto katika karatasi. Tulizoeana hivyo.

Kwao ni Ngerenya. Aliolewa angali msichana na Mramba, mpiga gitaa wa bendi moja iliyokuwa ikipiga kwenye mabaa ya Malindi. Miaka ikaenda, mtoto hakuna. Mramba akamrudisha kwao. Wazee wakakaa, mnazi ukanywewa, mahari ya watu ikarudi kwa wenyewe, na mambo yakaisha. Hilo halikuwa jambo geni. Wanawake wengi wamerudishwa hivyo, wakalia, wakachoka kulia, na watu wakasahau. Lakini Mramba hakuishia hapo. Alikwenda Mombasa akaingia studio, akatoa sahani ya santuri, na maneno yake ni haya, kila mtu anayajua:

Kanze kibuyu kizuri,
nakutikisa hulii.
Mgumba we, mgumba we,
rudi kwa babako.

Uzuri wa gitaa lile siwezi kuusema. Linateremka kama maji kwenye mawe, halafu linasimama, na hapo panaposimama ndipo watu wote wanapoitikia, mgumba we. Uhuru ukaja, watu wakaucheza. Vijana waliousikia mgongoni mwa mama zao wakawa watu wazima, nao wakaucheza. Mramba akaoa wengine wawili, hakupata hata mtoto wa kuvunja kikombe. Hilo halikutungiwa gitaa. Akafia Tanga, na wimbo ukabaki.

Pale feri magari yakisimama, vioo huteremshwa. Siku moja nilikuwapo, gari dogo jeupe likasimama na ndani kaseti inaimba huohuo wimbo.

"Eti wewe ndiwe Kanze wa wimbo?" akauliza mwenye gari.

"Ndimi. Chukua korosho."

"Nipe basi zisizo na mbegu!" Wenzake wakacheka.

"Korosho yenyewe ndiyo mbegu, baba. Kula unyamaze."

Wakacheka zaidi, wakanunua. Feri ikalia, wakaenda. Kanze akakaa juu ya ndoo yake akajipepea kwa kipande cha boksi. "Kila siku yaleyale, Baya," akaniambia. "Hakuna hata mmoja anayekuja na mzaha mpya."

Pembeni palikuwa na hoteli ya chai ya Mwikali, mama mmoja wa Kikamba, na mlangoni pa hoteli kibanda cha Gitau, muuza kaseti. Gitau alikuja kutoka bara na sanduku moja, akawa anakusanya sahani za zamani na kuzitia kwenye kaseti. Mtu mzuri, anapenda muziki kuliko chakula. Wimbo wa Kanze aliupiga asubuhi na jioni kwa kuwa ndio uliokuwa ukileta wateja. Sasa Ngala, kaka yake Kanze, alikuwa na binti aitwaye Zipporah, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya kanisani. Zipporah akaja siku moja amevaa viatu vya kanisani, akasimama mbele ya kibanda.

"Bwana Gitau, zima hicho."

"Kwani kimekukosea nini, mwalimu?"

"Hilo neno. Mgumba, mgumba, mchana kutwa, na mwenyewe yuko hapo anachoma korosho. Shuleni siku hizi mtoto akimwita mwenzake kilema anaadhibiwa. Nyinyi mnaliimba tusi mkitingisha kichwa."

"Si tusi hilo, ni Kiswahili cha wakati ule. Zamani watu walisema mambo kwa majina yake. Ukianza kung'oa maneno leo, kesho utang'oa na nyuzi za gitaa."

"Zamani walitembea pekupeku pia. Mbona wewe una viatu?"

Mwikali akatoka na birika mkononi. "Mimi naona ni utani tu, mwalimu. Mbona hatuudhiki sisi?"

"Wewe una watoto wa kujaza benchi hilo, utaudhika na nini?"

Wanywaji chai wakaingilia. Mmoja akasema neno litolewe. Mwingine akasema likitolewa pale gitaa linaposimama patabaki shimo. Mwingine akasema nyimbo za siku hizi ndizo chafu zaidi, tena hazina hata gitaa. Mpaka Mwikali akasema, "Jamani, mwenyewe si huyo? Muulizeni."

Kanze alikuwa anapepeta maganda. Hakuinua kichwa.

"Mnagombania neno," akasema. "Neno hilo niliitwa kabla ya gitaa, na mama mkwe, na mawifi, na wenye kuchota maji. Mimi siutaki wimbo wote. Mkilitoa hilo moja, nitakuwa Kanze wa wimbo uliotolewa neno."

"Lakini mama," Gitau akasema kwa upole, "gitaa lile..."

"Gitaa halikunikosea. Gitaa nalipenda." Na kweli nilimsikia mara nyingi akichoma korosho huku analivumisha puani, gitaa peke yake, akifika pale pa kusimama ananyamaza, halafu anaendelea.

Halafu Zipporah akasema, "Umeona? Hataki hilo neno." Na Gitau akasema, "Amesema analipenda gitaa." Kila mmoja akachukua kipande chake akaondoka nacho. Mimi nilikuwa nimeshika kisu mkononi, nikasema, "Amesema hautaki wote." Hapana aliyenisikia, ubishi ulikuwa umeshapanda tena.

Mwaka uliofuata tumbo lake likaanza kuvimba. Alikonda mikono na shingo, tumbo likaenda mbele. Alivaa leso mbili kulificha. Utingo wa lori moja, aliyemzoea, akamwona anavyokuja taratibu na beseni lake kichwani, akapiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Kanze! Wimbo umekuwa mwongo! Nani huyo mwanamume?"

Foleni nzima ikacheka. Kanze naye akacheka, akasema, "Babako." Wakacheka tena. Akauza. Halafu akaja akaketi karibu na gurudumu langu, akashika beseni kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia ukingo wa mtumbwi, na jasho likawa linamtoka na jua halikuwa kali. 

Hospitali walimwambia ni uvimbe ndani ya kizazi, na kwamba amechelewa kuja. Akarudi Ngerenya kwa Ngala. Nilipopita nikamkuta amelala kitandani barazani, vidole vimeanza kupauka, weusi unamtoka. Huo weusi ukitoka nikajua hachomi tena.

"Shikamoo, mzee," akaniambia kwa kunitania, maana hatukuwa tukiamkiana hivyo.

"Marahaba, kijana."

Ngala alikuwapo, ameegemea nguzo. Kanze akamwita. "Kaka, Baya naye asikie. Nikifa msiniimbie ule wimbo."

"Usiseme ya kufa."

"Nasema. Msiniimbie."

"Sasa mahanga ya kimya yako wapi, Kanze? Watu watakuja kuomboleza, watataka kuimba."

"Nyimbo ziko nyingi. Imbeni za mama. Imbeni za kanisani kwa Zipporah, mimi sitasikia tofauti. Ule tu."

"Haya," Ngala akasema.

Nimeisikia hiyo haya katika nyumba nyingi. Ndiyo haya wanayopewa watoto na wagonjwa. Kanze naye aliisikia, nikamwona. Alinitazama mimi, akageuza uso ukutani. Kabla ya kuondoka nilimnolea visu vyote vya nyumba ile bila kuombwa, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya.

Nilikuwa Mambrui habari ziliponifika. Nikafunga gurudumu nikashuka. Nilipofika Ngerenya alikwisha kuzikwa, na mahanga yamejaa. Na kabla sijaingia uani nikalisikia gitaa. Gitau alikuwa amefunga duka lake, amekuja na mzee Ochola, aliyepiga pamoja na Mramba zamani. Ochola anajaribu nyuzi, vidole vimekakamaa lakini vinakumbuka. Kwaya ya Zipporah imesimama mstari, wanajifunza.

Nikamvuta Ngala pembeni ya ghala la mahindi.

"Ngala, tulikuwa wawili aliposema."

"Najua." Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa mtu wa mzaha. "Najua, Baya. Lakini wewe ni mtu wa kutembea, tazama mji wa watu unavyoendelea. Mimi nikifa, mtoto wa mwanangu ataitwa Ngala. Atapigwa kwa jina langu, ataitwa kula kwa jina langu. Mama yetu yuko, ndiye yule mjukuu aliyepewa jina lake, pale anakimbiza kuku. Kanze ataitwa nani? Hana mwana, wala mwana wa mwana. Jina lake limeingia shimoni jana pamoja naye. Isipokuwa hapo." Akaonyesha gitaa. "Yule Mramba alimfanyia ubaya, sawa. Lakini wimbo ndio mtoto aliyemwachia. Nimuue na huyo?"

"Yeye hakumtaka mtoto huyo."

"Marehemu hajui anachokitaka," Ngala akasema. Akafuta uso kwa kanzu yake akarudi kwa watu.

Nikamwendea Zipporah. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti. "Usiwe na wasiwasi, mzee. Lile neno tumeshalitoa. Tumeweka mwema. Kanze mwema we, mwema we. Tena pa kurudi kwa babako tumeweka rudi kwa Babako wa mbinguni. Gitau alikataa mwanzo, lakini nimemshinda."

"Na kibuyu?"

"Kibuyu tumekiacha. Kibuyu hakina ubaya."

"Mwanangu, shangazi yako alisema wimbo wote."

Akanishika mkono. Alikuwa amelia usiku kucha, sauti imekauka. "Mzee, shangazi alikuwa anaumizwa na lile neno. Miaka yote sisi tulinyamaza. Leo angalau tumwimbie bila lile neno. Au unataka aagwe kama mbuzi?"

Angekuwa ni mtu mbaya ningemjibu. Lakini pale uani hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Gitau machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi akimshikia Ochola kipaza sauti. Mwikali alikuja na sufuria ya chai kutoka feri. Hata yule utingo alikuwapo, amevua kofia.

Jua lilipopoa wakaanza. Ochola akapiga, na lile gitaa likateremka kama siku ile ya kwanza, bila kosa. Watu wakaacha kula. Wazee wakafumba macho. Kwaya ikaimba kibuyu kizuri, ikaimba hulii, sauti nne zimepangwa vizuri, Zipporah mbele anainua mkono. Gitaa likafika pale pake. Likasimama.

Kwaya ikasema mwema we. Niliwaona midomo yao ikisema. Lakini uani pale palikuwa na watu wa Ngerenya wote, na wa feri wote, na watoto waliozaliwa juzi, na kila mmoja alikuwa ameitikia hapo maisha yake yote. Hakuna aliyekusudia. Ilitoka tu, kutoka vifuani, wanawake na wanaume, mpaka kuku wakaruka:

Mgumba we! Mgumba we!

Halafu kimya, kama watu waliojikwaa. Zipporah alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa, mkono mwingine bado uko juu. Mtoto mmoja akacheka. Ngala akatazama chini.

Ochola hakuacha kupiga. Labda hakusikia, masikio yake mazee. Gitaa likazunguka, likarudi mwanzo, tamu vilevile, na huko nyuma mtu asiyejua aibu akapiga makofi, akapaza sauti, "Rudia hapo!" Na wengine wakasema, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, "Rudia! Rudia!" Kisha Zipporah akashusha kitambaa, akainua mikono yote miwili, na kwaya ikaanza upya.