Dawa ya Panya

Miaka ya tisini, Mama ndiye aliyefunga vitunguu kwenye kibanda chetu cha Miasenyi, karibu na Voi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Fundo lake la katani lilifika Mombasa bila kulegea. Kisha vidole vikavimba, vikajikunja, na kazi ya kufunga ikaniangukia mimi. Wateja walikuwa hawajafunga mlango wa gari, vitunguu vimeshatawanyika.

Tukapelekwa hospitali moja Nairobi. Daktari kijana akaeleza kwamba kinga ya mwili wa Mama ilikuwa inamshambulia yeye mwenyewe kwenye viungo. Kulikuwa na dawa ya kuituliza, mpya, bado inajaribiwa. Dawa za ukoo huo, akasema, zilikuwa zikijaribiwa pia kwa saratani.

"Bei?" nikauliza.

"Ni bure."

Mimi ni mchuuzi wa barabarani. Nikisikia bure, nashika mfuko. "Na ubaya wake?"

"Anaweza kupata homa, kutetemeka, kuambukizwa magonjwa kwa urahisi. Au isimsaidie kabisa. Akitaka kuacha, anaacha siku yoyote."

Nikamuuliza tena kwa maneno mengine. Akajibu vilevile. Hapo nikaanza kumwamini.

"Imetengenezwa kutokana na nini?"

"Sehemu yake imetokana na panya. Tuseme ni dawa ya panya."

"Daktari, dawa ya panya kwetu Voi inauzwa sokoni, na kazi yake tunaijua."

Nilidhani Mama atainuka tuondoke. Akacheka mpaka akashika mbavu kwa vile vidole vilivyopinda.

"Panya wamekula mahindi ya shamba langu la Mbololo tangu niolewe," akamwambia daktari. "Acha na wao wanifanyie kazi kidogo. Lakini sikiza, mwanangu. Nikianza kutetemeka, usiende ofisini. Ukae hapa na mimi."

"Nitakaa, Mama."

Mimi nikinunua kitu, huanza na nusu bei. Mama alianza na daktari mzima, akampata. Dripu ilipoingia alitetemeka kweli, na yule kijana hakutoka.

Dawa haikumponya, ilimlegezea vidole kwa muda tu. Majaribio yalipokwisha, vilianza tena kukakamaa pole pole. Lakini kabla ya hapo, asubuhi moja kibandani, alivuta furushi nililokuwa namkabidhi mteja.

"Hili amefunga nani?"

"Mimi, Mama."

"Naona."

Akalifungua fundo langu kwa kucha, akalifunga upya, akalivuta mara mbili. Nikamgeukia mteja, nikamtajia bei mpya.